Miguu Ilipotoa Habari za Ubongo

Mwezi Desemba 1822 kijana mmoja wa Kiingereza, Augustus d'Este, alisafiri hadi nyanda za juu za Uskoti kumtembelea jamaa yake aliyempenda kama mtoto anavyompenda baba. Alipofika alikuta jamaa huyo keshafariki. Baada ya maziko, macho ya d'Este yakaingia kiza. Barua zake ikabidi asomewe, na majibu aandikiwe. Muda ukapita, na bila dawa yoyote nuru ikarudi.

D'Este alikuwa mjukuu wa Mfalme George wa Tatu, aliyezaliwa mwaka 1794 katika ndoa ambayo sheria ya ufalme iliibatilisha. Hakuwa na kiti cha enzi cha kungojea, lakini alikuwa na mazoea yaliyomfaa kuliko cheo: aliandika shajara. Humo tunasoma kwamba mwaka 1827, akiwa Florence nchini Italia, alianza kuona kila kitu kikiwa viwili. Kisha nguvu za miguu zikamtoka siku baada ya siku, mpaka akawa anaanguka na mtumishi wake kulazimika kumbeba. Baada ya takriban wiki tatu miguu ikaanza kumtii tena. Miaka iliyofuata ilileta ganzi, matatizo ya kibofu na kizunguzungu. Kila shambulio lilipoondoka lilimwachia nguvu pungufu kuliko alizokuwa nazo kabla. Kutoka kutembea bila msaada alifika kwenye fimbo, na kutoka kwenye fimbo akafika kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki mwaka 1848.

Madaktari wake walimwandikia nyama ya ng'ombe mara mbili kwa siku, mvinyo, maji ya chemchemi na kusuguliwa mwili. Hakuna aliyekuwa na jina la ugonjwa wake. Karne moja baada ya kifo chake, Douglas Firth alipoichapisha habari yake kama kitabu mwaka 1948, ilieleweka bila shaka kwamba mwandishi wa shajara ile aliugua multipo sklerosisi, ugonjwa ambao leo huitwa kwa kifupi MS.

Swali lililomtesa d'Este ni hili: miguu isiyo na jeraha, isiyovunjika mfupa, itashindwaje kubeba mwili? Jibu lake limetafutwa kwa takriban miaka mia mbili. Naisimulia historia ya utafutaji huo kwa sababu ina funzo ambalo mgonjwa na daktari wanalihitaji hadi leo. Kila kizazi cha watafiti kilipata sehemu ya jibu ndani ya ubongo, na kila mara mwendo wa mgonjwa ulionyesha kwamba sehemu nyingine bado haijapatikana. Aliyeutazama ubongo bila kumtazama mtu akitembea alipotea njia. Aliyemtazama mtu akitembea bila kuuona ubongo wake alipotea vilevile.

Mabaka yasiyo na wenyewe

Wakati d'Este bado yu hai, daktari Mskoti Robert Carswell alikuwa akizunguka hospitali za Paris na rangi zake, akichora viungo vya maiti. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1838 mna picha ya ugwe wa mgongo, yaani ule mkanda wa neva unaoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia ndani ya uti wa mgongo. Juu yake yametapakaa mabaka ya kahawia, na sehemu zilizoshikwa zimesinyaa. Picha ni sahihi hata daktari wa leo angeitambua mara moja. Lakini Carswell hakuwaona wagonjwa wale wakiwa hai. Alijua walipooza, basi. Mabaka yalikuwa mikononi mwake, ila hadithi ya miguu ilikuwa imezikwa.

Miaka hiyohiyo, Mfaransa Jean Cruveilhier alichora mabaka ya namna ileile, na yeye alikuwa na habari za baadhi ya wagonjwa kabla hawajafa: wanawake waliopoteza nguvu za miguu kidogo kidogo, kisha za mikono. Mwaka 1849 Mjerumani Friedrich von Frerichs alithubutu kuutambua ugonjwa huu kwa mtu aliye hai. Pande mbili zilianza kukaribiana, lakini hapakuwa na mahali ambapo mtu yuleyule angeweza kutazamwa akitembea kwa miaka, kisha ubongo wake ukachunguzwa baada ya kufa.

Mahali hapo palikuwa Salpêtrière. Hospitali hiyo ya Paris, iliyokuwa zamani kiwanda cha baruti, ilihifadhi maelfu ya wanawake maskini, wazee na wagonjwa wasio na pa kwenda. Mwaka 1862 Jean-Martin Charcot na rafiki yake Alfred Vulpian walikabidhiwa wadi humo. Walipita kitanda kwa kitanda, wakaandika nani anatetemeka, nani anakakamaa miguu, nani anayumba, nani anazungumza kwa kukata maneno vipande vipande. Mgonjwa alipofariki, walichunguza ubongo na ugwe wake na kulinganisha na maandishi.

Sigmund Freud, aliyesoma kwa Charcot, alisimulia kwamba mwalimu wake alikuwa na mtumishi wa nyumbani aliyetetemeka hata kumvunjia sahani nyingi. Charcot alidhani ni ugonjwa mwingine, lakini hakumfukuza. Alimtazama miaka mingi, na mwanamke yule alipofariki ubongo wake ulionyesha mabaka. Ni vyema tumkumbuke mama huyo ambaye jina lake halikutukuzwa. Elimu yetu ya ugonjwa huu imejengwa juu ya miili ya watu kama yeye, ambao hawakupata nafuu yoyote kutokana na elimu hiyo.

Mwaka 1868 Charcot aliutenga ugonjwa huu na ule wa Parkinson. Alionyesha kwamba mgonjwa wa Parkinson hutetemeka akiwa ametulia, ilhali huyu hutetemeka pale anaponyoosha mkono kushika kitu. Chini ya hadubini alibainisha kwamba ndani ya mabaka neva zimevuliwa ganda lao la mafuta, lakini nyuzi nyingi za ndani bado zipo. Ingawa wapo waliogundua hata katika karne ile kwamba nyuzi nazo huharibika, fikra iliyotawala kwa muda mrefu ilikuwa kwamba ugonjwa unakula ganda na kuuacha uzi. Fikra hiyo ilikuja kugharimu miaka mingi.

Unyayo na joto

Mwanafunzi wa Charcot, Joseph Babinski, aliandika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1885 juu ya ugonjwa huuhuu. Mwaka 1896 akatoa ugunduzi unaotumika hadi leo katika zahanati yoyote isiyo na mashine. Ukimkwaruza mtu mzima mwenye afya kwenye unyayo, vidole hujikunja kwenda chini. Lakini iwapo njia ya neva inayotoka kwenye ubongo kwenda mguuni imeharibika, kidole gumba huinuka juu. Kuanzia hapo daktari aliweza kuusoma ubongo kwa kupitia unyayo, na mgonjwa aliyelalamika kwamba mguu wake mzito hakuweza tena kuambiwa anajisingizia.

Kabla ya hapo, mwaka 1890, daktari wa macho wa Ujerumani Wilhelm Uhthoff alikuwa ameeleza jambo la ajabu: wagonjwa wake walifanya kazi ya nguvu au mazoezi, na macho yao yakafifia, kisha yakarudi walipopumzika. Baadaye ilieleweka kwamba chanzo ni joto la mwili. Neva iliyovuliwa ganda hupitisha ujumbe kwa taabu, na mwili ukipanda joto hata nusu digrii tu, ujumbe unaweza kukatika kabisa. Kwa miongo kadhaa madaktari walilitumia jambo hilo kama kipimo: walimtia mtu ndani ya maji ya moto na kungoja kuona kama miguu itakataa. Kwa mgonjwa anayeishi Mombasa, Dar es Salaam au Muskat, kipimo hicho humjia kila mchana bila kuitwa. Mtu aliyetembea vizuri saa moja asubuhi anaweza kuburura mguu saa nane mchana, na jioni upepo ukivuma akatembea tena. Wanaomwona hudhani anaigiza, au wananong'ona kwamba amelewa. Hajalewa wala haigizi. Neva zake zimezidiwa na joto.

Kinachohitajika ili mtu apige hatua

Ili kuelewa kwa nini mabaka ya ubongo huyumbisha miguu, ilibidi kwanza kuelewa neva inavyofanya kazi. Ganda la mafuta lililotajwa na Charcot lilikuwa limepewa jina la mayelini na Mjerumani Rudolf Virchow mwaka 1854. Katika miaka ya 1870 Mfaransa Louis-Antoine Ranvier aligundua kwamba ganda hilo halikuendelea moja kwa moja: kila baada ya nafasi fupi lina mwanya mdogo. Kazi ya mianya hiyo ilithibitishwa mwaka 1949, Andrew Huxley na Robert Stämpfli walipoonyesha kwamba ujumbe wa umeme kwenye neva huruka kutoka mwanya hadi mwanya. Mayelini ni kama plastiki inayofunika waya wa umeme, ila inafanya zaidi ya kuzuia umeme usivuje: inauongezea mwendo. Neva nene yenye mayelini hupitisha ujumbe kwa kasi inayoweza kuzidi mita 100 kwa sekunde. Isiyo na mayelini hupitisha kwa mita moja au mbili tu kwa sekunde.

Mwaka 1970 huko London, Ian McDonald na Tom Sears waliharibu mayelini kwenye ugwe wa paka na kupima. Ujumbe ulipofika mahali palipovuliwa, ulichelewa au ulikwama. Hapo fumbo la d'Este likapata jibu lake la kwanza la uhakika. Uvimbe ndani ya baka unapokuwa mkali, ujumbe hukwama na mguu hufa ganzi au hulegea. Uvimbe ukipoa, neva hupata njia ya kupitisha ujumbe tena, na mahali pengine mayelini mpya nyembamba huota. Mtu huinuka akatembea. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Florence mwaka 1827.

Lakini kutembea si kazi ya neva moja. Sehemu ya ubongo inayoamuru mguu iko katikati, pale nusu mbili za ubongo zinapotazamana, na nyuzi zake hushuka safari ndefu kuliko zile za mkono, hadi chini kwenye kiuno. Kadiri njia inavyorefuka ndivyo nafasi ya kukutana na baka inavyoongezeka, na hii ni sababu moja inayofanya miguu itangulie kudhoofika kwa wagonjwa wengi. Mwaka 1911 Thomas Graham Brown alionyesha kwa paka kwamba mdundo wenyewe wa hatua, kushoto kulia, unaweza kutungwa ndani ya ugwe wa mgongo. Ubongo huuanzisha mdundo huo, huuongoza na kuusimamisha. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Gordon Holmes aliwachunguza askari waliopigwa risasi kisogoni na kueleza kazi ya ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa. Ukiumia, nguvu za misuli zinaweza kubaki, lakini mtu hutembea miguu imetanuka na mwili unayumba, kwa kuwa hakuna kinachopatanisha misuli ikaze lini na ilegee lini. Zaidi ya hapo kuna nyuzi zinazopanda kutoka kwenye nyayo kuuambia ubongo mguu uko wapi. Zikiharibika, mtu hulazimika kutazama chini kila anapotembea, na usiku taa ikizimika huanguka.

Basi watu watatu wenye MS wanaweza wote kutembea kwa shida, kila mmoja kwa sababu yake. Mmoja miguu imekakamaa kama imefungwa mbao, mwingine anayumba, wa tatu miguu yake haijui sakafu ilipo. Ndiyo maana tiba ya mmoja haimfai mwenzake.

Mizani ya mita

Mwaka 1955 daktari Mmarekani John Kurtzke, aliyewahudumia askari wastaafu, alitunga kipimo cha kiwango cha ulemavu wa MS. Mwaka 1983 alikipanua kikawa na ngazi za nusu nusu kutoka 0 hadi 10. Sehemu yake ya katikati imetawaliwa na kutembea. Anayefika ngazi ya 4 bado anaweza kwenda mita 500 bila msaada wala kupumzika. Ngazi ya 6 ni ya mtu anayehitaji fimbo ili afike mita 100. Ngazi ya 7 ni ya asiyeweza kupita mita 5 hata akisaidiwa, na maisha yake mengi yamo kwenye kiti cha magurudumu.

Kipimo hiki kimelaumiwa kwa kusahau mikono, macho na kumbukumbu, na lawama hizo ni za haki. Hata hivyo kiliwapa madaktari lugha moja. Mwaka 1989 watafiti wa London iliyoko Ontario, Kanada, wakiongozwa na Brian Weinshenker, waliwafuatilia wagonjwa 1,099 na kukuta kwamba nusu yao walikuwa wamefika kwenye fimbo baada ya takriban miaka 15 tangu dalili za kwanza. Hizo ni hesabu za enzi ambayo hapakuwa na dawa ya kuuzuia ugonjwa, na ndizo zilizoonyesha ukubwa wa deni ambalo sayansi ilidaiwa na wagonjwa.

Picha zilizofurahisha na kutatanisha

Mwaka 1981 katika Hospitali ya Hammersmith, London, Ian Young, Graeme Bydder na wenzao waliwaingiza wagonjwa 10 wa MS kwenye mashine mpya iliyotumia sumaku, ambayo leo tunaiita MRI. Mashine ya zamani ya eksirei ilikuwa imeonyesha mabaka 19 kwa wagonjwa wote. Hii mpya ilionyesha mengine 112. Kwa mara ya kwanza mabaka ya Carswell yalionekana kwa wingi ndani ya mtu anayepumua, anayeweza kuinuka kutoka kwenye meza na kutembea mbele ya daktari.

Furaha ilikuwa kubwa, na ilistahili. Kila mtu alitarajia kwamba sasa itatosha kuhesabu: mabaka mengi, mwendo mbaya, mabaka machache, mwendo mzuri. Haikuwa hivyo. Wapo waliokuwa na ubongo uliojaa madoa meupe na bado walitembea kwenda kazini. Wapo waliokuwa na madoa machache na walikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Mholanzi Frederik Barkhof alilijadili tatizo hili katika makala ya mwaka 2002 inayotajwa mpaka sasa: picha na mgonjwa hazikukubaliana. Kwa mara nyingine mwendo wa mtu ulikataa kufungwa ndani ya jibu rahisi.

Maelezo yalikuja kutoka pande nne, na kila moja lilisahihisha kosa fulani la zamani.

La kwanza lilihusu mahali. Baka dogo kwenye ugwe wa mgongo, ambao unene wake haupiti wa kidole kidogo, hukata njia zinazobeba amri zote za miguu. Baka kubwa mara nyingi zaidi lililo kwenye sehemu pana ya ubongo linaweza kupita bila kishindo. Mwaka 1996 Nick Losseff na wenzake wa Queen Square, London, walipima unene wa ugwe shingoni kwa wagonjwa 60 na kukuta kwamba kadiri ulivyosinyaa ndivyo ngazi ya Kurtzke ilivyopanda. Walichokipima ni kiasi cha ugwe kilichobaki, na hicho kiliendana na ulemavu kwa nguvu ambayo hesabu ya madoa haikuwahi kuifikia.

La pili liliondoa fikra iliyotawala tangu enzi ya Charcot. Mwaka 1998 Bruce Trapp na wenzake wa Cleveland, Marekani, walichunguza mabaka kutoka kwa watu waliofariki na kuhesabu nyuzi zilizokatika kabisa. Ndani ya baka lenye uvimbe mkali walikuta wastani wa nyuzi zaidi ya 11,000 zilizokatika katika kila milimita moja ya ujazo. Kwenye ubongo usio na ugonjwa hakukuwa hata na moja kwa ujazo huo. Uharibifu huo ulionekana pia kwa watu waliokuwa na ugonjwa kwa muda mfupi. Mayelini inaweza kuota tena, lakini uzi uliokatika ndani ya ubongo au ugwe hauungi. Kumbe tangu shambulio la kwanza, wakati mgonjwa anasherehekea kwamba miguu imerudi, alikuwa tayari amepoteza kitu kisichorudi.

La tatu lilitoka kwenye sehemu ya kijivu ya ubongo. Betty Brownell na Trevor Hughes, huko Oxford, walikuwa wameshaonyesha mwaka 1962 kwamba karibu robo ya mabaka waliyoyahesabu yaligusa sehemu za kijivu, ambako seli zenyewe za neva hukaa. MRI za kawaida hazikuyaona vizuri, hivyo yakasahauliwa kwa miongo. Mashine zilipoboreshwa, ikathibitika kwamba gamba la ubongo na vituo vya ndani vinavyopokea na kugawa ujumbe husinyaa. Ubongo wa mtu mzima mwenye afya hupungua kidogo sana kila mwaka, takriban asilimia 0.1 hadi 0.3. Kwa mwenye MS asiyetibiwa kupungua huko huwa kati ya asilimia 0.5 na zaidi kidogo ya 1. Kunyauka huku kwa polepole kunaeleza kwa nini wapo ambao mwendo wao huzidi kuwa mzito mwaka hadi mwaka bila shambulio lolote jipya.

La nne ni habari njema. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, watafiti wa Oxford, Milan na kwingineko walipiga picha ubongo wa wagonjwa huku wakifanya kitendo chepesi kama kukunja vidole. Mtu mwenye afya alitumia sehemu ndogo ya ubongo. Mwenye MS aliita sehemu nyingi zaidi, hata za upande wa pili, ili kutimiza kitendo kilekile. Ubongo ulioumizwa ulikuwa ukijipanga upya. Hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini mwenye madoa mengi bado anatembea: ubongo wake umepata njia za kando. Lakini msaada huo una gharama. Mpe mgonjwa kazi ya kuhesabu kichwani huku anatembea, na hatua zake zitapungua kasi, kwa maana ubongo unaotumia nguvu ya ziada kuongoza miguu haubakiwi na nyingi za kugawa. Anayenyamaza anapovuka barabara si mwenye kiburi. Ana kazi.

Kutoka kutazama hadi kutibu

Kwa muda mrefu wagonjwa waliambiwa wapumzike, wasijichoshe. Ushauri huo ulitolewa kwa nia njema, na uliwadhuru wengi. Mwaka 1996 Jack Petajan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah waliwagawa wagonjwa 54 katika makundi mawili, moja likafanya mazoezi kwa wiki 15. Waliofanya mazoezi walipata nguvu na pumzi, na maisha yao yakawa na nafuu. Tangu hapo mazoezi yamekuwa sehemu ya tiba, yakifanywa asubuhi au mahali penye ubaridi, kwa sababu ileile aliyoiona Uhthoff.

Mwaka 2010 Marekani iliidhinisha fampridini, dawa ya kwanza iliyolengwa kutembea kwenyewe. Inaziba vitundu ambavyo kwavyo neva iliyovuliwa mayelini hupoteza umeme wake. Katika jaribio la watu 301 lililochapishwa mwaka 2009, asilimia 35 ya walioitumia walitembea kwa kasi zaidi kwa namna ya kudumu, ikilinganishwa na asilimia 8 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Haiponyi, na haimfai kila mtu. Lakini aliyefaulu kuvuka barabara kabla taa hazijabadilika anajua thamani yake.

Dawa za kuzuia mashambulizi zilitokana na njia nyingine. Katika miaka ya 1930 Thomas Rivers, huko New York, aliwadunga kima mara kwa mara dondoo la ubongo wa wanyama wazima wenye afya. Baadhi yao walipooza, na mayelini yao ikaonekana imeliwa na kinga ya miili yao wenyewe. Kutoka kwenye fikra hiyo zilikuja dawa za kutuliza kinga: interferoni mwaka 1993, na nyingine nyingi baada yake, hadi okrelizumabu ya mwaka 2017, ya kwanza kuidhinishwa kwa wale ambao ugonjwa wao huzidi tangu mwanzo bila kupumzika.

Na kinga huchokozwa na nini? Sehemu ya jibu ilianzia Kampala. Katika Hospitali ya Mulago, daktari Denis Burkitt alikuwa ameeleza mwaka 1958 aina ya uvimbe wa taya unaowaua watoto wa Uganda. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona ndani yake kirusi kipya, ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard, Kjetil Bjornevik na Alberto Ascherio wakiwa miongoni mwao, walichapisha uchunguzi uliohusu zaidi ya askari milioni 10 wa Marekani. Hatari ya kupata MS iliongezeka mara 32 baada ya mtu kuambukizwa kirusi hicho. Karibu watu wote duniani hukipata, na wachache sana huugua MS, hivyo kuna mengine yanayochangia. Lakini elimu iliyoanza kwa uvimbe wa watoto wa Uganda sasa imefungua mlango wa kuuzuia ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa Wazungu peke yao.

Dhana hiyo nayo imepitwa na wakati. Ni kweli kwamba MS ni nadra zaidi Afrika Mashariki kuliko Ulaya ya kaskazini. Lakini uchunguzi wa Uingereza uliotolewa mwaka 1990 uliwakuta watoto waliozaliwa huko kwa wazazi kutoka Afrika, Karibi na bara Hindi na hatari inayokaribiana na ya Waingereza wenyewe. Ngozi haikuwa kinga. Na ugonjwa usiotafutwa hauhesabiwi: pasipo MRI na daktari wa neva, mguu unaoburuzwa hupewa jina jingine, au hupelekwa kwa mganga.

Mwezi Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa za kuudhibiti ugonjwa wa MS katika orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Hii ya mwisho hutumika pia kutibu baadhi ya saratani za damu, na kwa hiyo ina nafasi ya kufika mahali ambapo dawa ghali hazifiki. Orodha peke yake haimtibu mtu, lakini inaipa kila wizara ya afya sababu ya kuulizwa.

Kwa msomaji wa kawaida, miaka hii mia mbili inatuachia jambo moja la kutenda. Kijana, hasa mwanamke wa miaka 20 hadi 40, ambaye jicho lake moja limefifia na kurudi, au mguu wake umekufa ganzi kwa siku kadhaa kisha ukapona, asiseme limepita. Aende hospitali, aeleze tarehe na namna ilivyokuwa, hata kama siku hiyo anatembea bila tatizo. Neva zilizokatika hazioti tena. Zilizobaki zinaweza kulindwa, na kadiri tiba inavyoanza mapema ndivyo zinavyobaki nyingi. Na daktari anayempokea, awe na mashine au asiwe nayo, amwambie avue viatu, amtazame akitembea hadi mlangoni na kurudi, amkwaruze unyayo, na ayaamini maneno yake.